Usukani wa Mbao na Waya Usioonekana: Safari ya Ruiru na Thika

Juma hili twawaomba mfuatane nasi hadi bara, katika miji miwili ya Kaunti ya Kiambu: Ruiru na Thika. Mtu wa pwani akitajiwa Thika hukumbuka nanasi; akitajiwa Ruiru, mara nyingi hana la kukumbuka ila jina alilolisikia kwa utingo wa matatu. Sisi tumerudi na habari ya usukani wa gari na waya upitao nyuma yake, nayo twaona yaihusu kila nyumba yenye gari, na hasa yamhusu mama awapakiaye watoto kila asubuhi.

Mwenyeji wetu ni binti wa Kisauni aliyeolewa Ruiru miaka mingi iliyopita. Mumewe yuko Maskati kikazi, naye ndiye asimamiaye nyumba, watoto na magari. Magari yenyewe ni mawili, yote ya Toyota. La kwanza ni Land Cruiser kuukuu ya dizeli, ya lile umbo la pembe-pembe lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1984, aliloliacha marehemu baba mkwe wake. Hilo ndilo la kubebea maji, mbolea na wageni wa arusi. La pili ni Prado ya mwaka 1999, gari la mama mwenyewe na wanawe.

Kijana wake mkubwa, ambaye yuko chuoni, alinunua Nairobi sukani mbili za mbao zenye mikono ya chuma king'aacho, moja kwa kila gari. Wala hakununua kwa upuuzi: ngozi ya sukani za kale ilikuwa imepasuka kwa jua na kunata mikononi. Ule wa Land Cruiser ulikwisha fungwa na jirani mwenye spana. Tangu siku hiyo, gari likikata kona ya kulia, honi hulia yenyewe. Mama akatupigia simu: "Maalim, majirani wadhani twawaamsha kusudi. Nawe wajua, kijana anataka kufunga na wa pili kwenye Prado, na moyo wangu hautulii. Njooni mnisaidie kuzungumza naye."

Basi tukafunga safari. Tuliondoka Miritini kwa treni ya reli mpya, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, tukateremka Syokimau jioni. Kutoka pale hapana haja ya kuingia katikati ya jiji: ipo barabara ya mchepuo wa mashariki, ipitayo Embakasi na Utawala, ikakutoa moja kwa moja Ruiru. Njia nzima ni maghorofa yanayoinuka, maduka ya vifaa vya ujenzi na malori ya mchanga. Wenyeji wanasema si zamani sana sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa mibuni.

Kwa hakika Ruiru ni mji wa kahawa hata leo, ingawa kahawa yenyewe yazidi kurudishwa nyuma na nyumba. Hapo ndipo kilipo kituo cha utafiti kilichotoa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyokabidhiwa wakulima mwaka 1985. Ilitafutwa kwa sababu ugonjwa wa chulebuni ulikuwa ukiozesha tunda mtini kabla halijaiva, na mkulima akawa hana budi kununua dawa ya kunyunyiza mwaka hadi mwaka. Mbuni huu hustahimili chulebuni na kutu ya majani pia. Mwenyeji wetu alituonyesha michache iliyosalia nyuma ya ua wake. Tuliitazama, tukaona majani tu, kama majani ya mbuni wowote. Nguvu yake i ndani, na aipandaye humwamini aliyemletea mche.

Asubuhi, baada ya Swala ya Alfajiri na chai ya maziwa, tulipanda Land Cruiser kuelekea Thika, mama kwenye usukani, kijana pembeni, nasi nyuma. Thika iko yapata kilomita 20 mbele, kwa barabara kuu pana iliyozinduliwa rasmi mwaka 2012. Barabara hiyo yatoka Nairobi, yapita Githurai, Kahawa, Ruiru na Juja penye chuo kikuu cha kilimo na teknolojia, hata ifike Thika. Magari yaenda kasi, malori ya saruji na mabasi ya Meru yakipishana kama mashua za ngalawa siku ya mashindano. Palipo nyoofu tulikwenda kwa amani. Tulipofika kwenye mzunguko wa barabara, ambapo kwetu Kenya gari huzunguka kwa mkono wa kulia, honi ilianza kulia, isikome mpaka tulipotoka upande wa pili. Mwenye bodaboda alitugeukia akatuinulia mikono, kana kwamba auliza kosa lake ni lipi. Mama alimwomba radhi kwa ishara ya kichwa.

Thika ni mji wa viwanda tangu zamani, katika mwinuko wa kiasi cha mita 1,500, na hewa yake ya asubuhi ni baridi kwa mtu wa pwani. Reli ilifika hapo mwaka 1913. Mito miwili, Chania na Thika, yapita kando ya mji na kuporomoka kwa maporomoko kabla ya kukutana. Ng'ambo yake mashamba ya mananasi yametandazwa kama mkeka, na mbali zaidi wauona mlima Kilimambogo umekaa peke yake. Mjini mna misikiti na waumini wa kila asili, maana barabara ya kwenda Mwingi na Garissa yaanzia hapo.

Lakini Thika ni mji wa magari vilevile. Mwaka 1974 ilisajiliwa kampuni ya Leyland Kenya, ambayo ilijenga hapo kiwanda cha kuunganisha magari, serikali ikiwa na hisa ndani yake. Baadaye kiwanda kikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Land Rover nyingi zilizokwenda kwenye mashamba, mahospitali na ofisi za wilaya nchini zilifungwa nati zake pale. Mwishoni mwa mwaka 2016 Volkswagen nao walirejea kuunganisha gari pale. Nasi wa pwani tuna ndugu yake, kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers cha Miritini, kiunganishacho Land Cruiser. Kiwanda kikikaa mahali miaka mingi, elimu yake humwagika mitaani. Mtu hustaafu, hununua kibanda, hutundika spana zake ukutani, na vijana hukaa chini yake kujifunza kama tulivyokaa sisi chini ya masheikh wetu.

Kwa mzee wa namna hiyo ndiko tulikokwenda, katika sehemu ya jua kali. Kibanda chake ni mabati matupu, lakini sakafu ilikuwa imefagiliwa na kila chombo kina kivuli chake kilichochorwa ukutani. Alitukaribisha, akamwambia mama aingie, awashe gari, azungushe usukani kulia taratibu. Honi ikalia. Akamwambia arudishe kushoto. Ikanyamaza. Mzee akatabasamu, akasema: "Mama, hii waya imetembea mpaka imechoka. Wacha niwaonyeshe."

Alianza kwa kufungua betri. Kisha akaweka alama ya chaki kwenye shafti na kwenye usukani, ili kila kimoja kirudi mahali pake na magurudumu yasikae upande. Akailegeza nati ya katikati bila kuitoa yote. Akaiacha imeshika hesi chache, maana usukani uking'oka ghafla humpiga mvutaji usoni. Hakugonga kwa nyundo. Alitumia chombo cha kuvutia, usukani ukatoka kwa upole.

Hapo ndipo tulipoona kilichofichwa. Waya wa honi ulikuwa umefungwa moja kwa moja kwenye kitufe, ukazungushwa kwenye shafti kama uzi kwenye pia. Usukani wa gari huzunguka zaidi ya mara tatu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Kila ulipozungushwa kulia, waya ulikazwa ukasugua chuma, na siku baada ya siku ganda lake la plastiki likalika mpaka shaba ikabaki wazi. Honi kulia yenyewe ilikuwa rehema, kwa kuwa ilitutahadharisha. Waya uleule ungeweza kukatika tukiwa barabarani honi ikafa wakati wa haja, au ukajikunja na kukwama mahali ambapo mkono wa mama unataka kuzunguka kwa wepesi.

Mzee alimgeukia kijana, akasema bila dharau: "Aliyefunga hii hakukosa akili. Alikosa pete."

Akatueleza, nasi twaeleza kama tulivyofahamu. Katika gari la namna hii umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, hufika kwenye rilei, ambayo ni swichi ndogo iendeshwayo na umeme wenyewe. Kutoka kwenye rilei waya mwembamba hupanda ndani ya nguzo ya usukani na kuishia kwenye kijiti cha shaba chenye springi. Kijiti hicho hakizunguki. Hukaa kikiegemea pete ya chuma iliyo mgongoni mwa usukani, na pete ndiyo izungukayo. Hivyo usukani ukizungushwa vyovyote, kijiti na pete havitengani, wala hapana waya wa kusokotwa. Ukibonyeza kitufe, umeme hupata njia ya kurudi kwenye bodi ya gari, rilei hushika, honi hulia.

Usukani ulionunuliwa hauingii kwenye shafti peke yake. Huhitaji kipande cha kati, chenye meno ya ndani yanayolingana na meno ya shafti, na chenye pete yake. Kipande alichouziwa kijana kilikuwa na meno yanayoingia, lakini kilikuwa cha gari la aina nyingine, hakina pete ya kukutana na kile kijiti. Jirani, alipoona hapana pa kuunganishia, akaunda njia yake.

Mzee alikuwa na kipande kinachofaa ndani ya kopo. Kabla ya kukifunga alifanya jambo dogo lililotufurahisha. Aliirudisha betri, akaushika ule waya mwembamba, akaugusisha kwenye chuma kilichosuguliwa. Honi ikalia kwa sauti safi. "Mpaka hapa kila kitu kizima," akasema. "Fyuzi nzima, rilei nzima, honi nzima. Ugonjwa uko juu ya hapa." Kwa mguso mmoja akawa amemwokolea mama gharama ya kununua honi mpya asiyoihitaji. Alipima pia kama gari ni la volti 12, kwa kuwa baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilitoka Japani zikiwa za volti 24, na anunuaye rilei kwa kukisia huiunguza.

Kisha akaiondoa betri tena, akakata waya uliolika, akaunga mwingine kwa kuuchomea risasi, akauvika mpira unaobana kwa moto. Akaongeza waya mfupi wa kurudisha umeme kwenye bodi, kwa sababu shafti ya usukani yaweza kukatishwa na kiungo cha mpira huko chini, na mpira haupitishi umeme. Akahakikisha kile kijino kinachorudisha indiketa baada ya kona kimekaa mahali pake. Nati akaikaza kwa spana ya kupimia nguvu. Mwisho akamwambia kijana azungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara kumi, akibonyeza honi kila robo ya mzunguko. Kijana alihesabu kwa sauti. Honi ililia ilipoamriwa, ikanyamaza ilipoachwa.

Malipo yake yalikuwa chini ya nusu ya bei ya usukani. Tulisali Adhuhuri msikitini, tukanunua mananasi, tukarudi Ruiru. Kwenye ule mzunguko wa barabara tulipita kimya, na mama akacheka peke yake.

Sasa lilibaki shauri la Prado, nalo ndilo lenye uzito. Kijana, kwa kuwa kazi ya Thika ilikwenda vyema, aliona ya pili itakwenda vivyo hivyo. Aliyemuuzia usukani alikwisha mwambia kwamba taa nyekundu itakayowaka kwenye dashibodi isimsumbue: kuna kijidude kidogo cha kuzuia umeme, hubandikwa kwenye waya, na taa huzimika.

Tulimwendea fundi wa umeme wa magari hapohapo Ruiru, binti wa miaka kama thelathini aliyesomea kazi hiyo chuo cha ufundi. Alimsikiliza kijana mpaka mwisho. Kisha akafungua mlango wa Prado, akatuonyesha maandishi yaliyo katikati ya usukani wa kiwandani, yasemayo kuwa ndani yake mna mfuko wa hewa.

Katika gari la namna hii, akatufahamisha, nyuma ya usukani hapana pete na kijiti tu. Kuna utepe mwembamba wa nyaya uliokunjwa mviringo ndani ya kasha, ukijikunja na kujikunjua usukani unapozungushwa. Utepe huo hubeba amri ya kuufungua mfuko wa hewa. Gari likigonga kwa mbele kwa nguvu, mfuko hujaa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kabla kichwa cha dereva hakijafika kwenye usukani. Nyaya zake huwekwa viungo vya rangi ya manjano ili kila fundi ajue anachokishika. Hazipimwi kwa taa ya kawaida ya kupimia, maana umeme mdogo tu waweza kuufyatua mfuko usoni mwa mtu. Hata fundi aliyesoma, kabla ya kuzigusa, hufungua betri na kungoja. Toyota huagiza angalau sekunde 90, ili umeme uliojihifadhi ndani uishe.

Usukani wa mbao hauna mfuko huo. Kuufunga ni kuutoa mfuko. Na kile kijidude hakirudishi mfuko; kazi yake ni kuidanganya kompyuta ya gari, idhani mfuko upo.

Yule binti akasema maneno ambayo hatutayasahau upesi: "Naweza kuizima hiyo taa, Sheikh. Ni dakika kumi tu. Lakini siku mama akigonga, mimi ndiye nitakuwa nimemdanganya. Sifanyi."

Kijana alinyamaza. Mama hakumkemea. Alimwuliza tu: "Mwanangu, wadogo zako nikiwa nimewapakia, wataka mbele yangu pawe na nini, mbao au huo mfuko?" Akajibu kwa sauti ya chini: "Mfuko, Mama." Shauri likaisha hapo. Binti fundi akawaelekeza kwa mshonaji wa viti aliye karibu naye, akaushonea usukani wa kiwandani ngozi mpya ukingoni, bila kuugusa wa katikati. Usukani wa pili wa mbao umerudishwa katika sanduku lake.

Tumelitafakari jambo hili njiani. Taa ya dashibodi ni shahidi aliyewekwa na mtengenezaji amwambie mwenye gari ukweli ambao macho hayaufikii. Kumziba mdomo ni kuficha aibu ya kitu, na gari hilo likiuzwa kesho kwa mtu asiyejua, ni ghishi dhahiri, hata kama bei ilikuwa ya haki. Na kazi ya fundi wa nyaya ni amana ya aina yake, kwa kuwa akishafunga kifuniko hapana aonaye alichokifanya ila Mola wake. Mafundi wetu wawili, mmoja kwa pete na mmoja kwa kukataa, waliitimiza amana hiyo, na hakuna aliyewasimamia.

Kwa faida ya wasomaji wetu, hasa akina mama ambao mafundi wengine hupenda kuwaambia "hilo ni jambo dogo", tunafupisha mambo ya kushika. Kwanza, kabla ya kununua usukani wa dukani, tazama kama wa gari lako una maandishi ya mfuko wa hewa. Ukiwa nao, uache ulivyo. Pili, gari likiwa la kale lisilo na mfuko, uliza kama kipande cha kati ni cha gari hilohilo na kama kina pete yake. Tatu, mwone fundi akifungua betri kwanza. Asiyefungua betri mpungie mkono wa kwaheri. Nne, kabla ya kulipa, kaa mwenyewe kwenye kiti, zungusha usukani mwisho hadi mwisho, bonyeza honi kila upande, jaribu indiketa zote mbili, utazame kama usukani mdogo haujakufichia kipimo cha mwendo. Tano, taa ya tahadhari isizimwe ila kwa kuondolewa sababu yake. Na mwenye gari lenye mfuko, aketi kwa kuacha kama sentimita 25 baina ya kifua chake na katikati ya usukani, afunge mkanda, na watoto wadogo wakae nyuma.

Mwenye jamaa Thika au Ruiru akawatembelee. Atakuta watu wema, hewa nzuri na mananasi matamu, na akiwa na gari bovu atakuta pia mikono inayojua kazi. Twamwomba Allah awalinde wasafiri wetu wote na awabariki mafundi waaminifu popote walipo. Wabillahi tawfiq.